Tamasha la michezo ya kuigiza mtaani: jinsi tunavyoliandaa Mombasa kila Agosti

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo, na kwenye michezo ya kuigiza niliingilia mlango wa maleba. Mwaka 2015 vijana fulani waliniletea leso nne kuukuu na shati moja la bawabu, wakataka nguo za wahusika sita. Niliwashonea, kisha nikaenda kuwatazama. Mbele yangu alikaa mama mmoja, akamshika jirani yake mkono akamwambia, "Yule ni mimi." Machozi yalikuwa yakimtoka. Mwaka uliofuata nilikuwa ndani ya kamati ya tamasha letu la kwanza, na mpaka 2025 tumelifanya mara tisa. 2020 korona ilituzuia. Siku tatu, viwanja vitatu: Mishomoroni, Majengo, Likoni. Michezo yote huzungumzia mambo yanayowauma watu wa hapa: maji, ardhi, unga (dawa za kulevya), wasichana wa shule kuozwa, vijana kuchukuliwa usiku wasionekane tena.

Kila mwaka hunipigia simu watu wa Malindi, wa Kwale, hata wa Tanga, wakiuliza waanzie wapi. Anzeni na watazamaji. Vikundi vingi huanza na mchezo: mswada upo, waigizaji wapo, sasa watafute mahali pa kuuonyesha. Sisi huanza na kiwanja. Tunawauliza wenye mtaa ni jambo gani linawanyima usingizi, na mchezo unatafutwa baadaye. Mengine yote ninayoeleza hapa, hata mahali pa kuweka jukwaa, yametokana na hilo.

Msimu, upepo na saa

Ulaya tamasha kama lile la Avignon, Ufaransa, lililoanza 1947, hufanywa Julai kwa sababu ndicho kiangazi chao na jua huchelewa kuzama. Kiangazi chetu ni cha kaskazi, Desemba hadi Machi, na sijamuona mtu wa kukaa kwenye jamvi alasiri ya Februari kwa hiari yake. Masika ya Aprili na Mei hugeuza viwanja kuwa matope. Basi Agosti ndiyo yetu: upepo wa kusi unavuma, hewa imepoa, shule zimefungwa, na manyunyu yakija hayakawii kupita.

Lakini kusi ina masharti yake. Inatoka kusini na kusini-mashariki, na alasiri ndipo inapozidi nguvu. Mwaka wa kwanza tuliweka jukwaa upande wa kaskazini wa kiwanja kwa kuwa kulikuwa na ukuta mzuri mweupe. Waigizaji walipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, na watu wakaona midomo tu inafunguka. Sauti yote ilirudishwa nyuma ya ukuta. Weka jukwaa upande upepo unakotoka, waigizaji waupe mgongo, watazamaji wakae unakoelekea. Utaona sauti inabebwa mpaka safu ya mwisho, na pengine maikrofoni hutaihitaji.

Pazia la nyuma nalo, ukilitundika hivi hivi, litageuka tanga na kung'oa miti yake. Mimi hulikata matundu ya nusu mwezi, moja kila futi mbili, upepo upite. Pindo la chini nalishona kama mfuko mrefu, natia mchanga wa pale pale kiwanjani, kisha nafunga ncha. Siku ikiisha, mchanga unamwagwa na pazia linakunjwa.

Ukitaka kuchezea ufuoni, angalia mwezi kwanza. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hapa kwetu hujaa alasiri, saa zile zile za tamasha, na maji hupanda zaidi ya mita tatu kutoka yalipokuwa yamekupwa. Tulilijua hilo kwa kupoteza majamvi kumi na mawili Bamburi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Chagua siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Hapo alasiri maji huwa yametoka na ufuo ni mpana.

Kuhusu saa: Agosti jua huzama kwetu kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Sala ya alasiri ikishaisha na watu wakishatoka msikitini, saa kumi na robo hivi, tunaanza. Saa kumi na mbili tuwe tumemaliza, watu wawahi magharibi na wasichana wafike nyumbani kabla ya giza. Muda huo unatosha michezo miwili ya nusu saa nusu saa, kila mmoja na mazungumzo yake. Vikundi vitakuomba wawe watatu, wanne. Kataa. Ukiongeza mchezo, kitakachokatwa ni mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yaliyowaleta watu.

Tarehe zipangwe mapema na kalenda mbili mkononi. Maulidi ya 2026 yanaangukia Agosti, karibu na tarehe 25 kwa kutegemea mwandamo, kwa hivyo wiki ile tumeiacha. Na Agosti 2027 usithubutu kabisa: uchaguzi mkuu ni tarehe 10. Mwaka 2017 tulifanya tamasha wiki moja kabla ya kura, na mgombea mmoja akaja na gari la spika katikati ya mchezo, akapanda jukwaani kusalimia watu. Salamu zilichukua dakika arubaini. Msichana aliyekuwa akiigiza mjane alisimama pembeni muda wote huo na kanga ya msiba kichwani, akisubiri kuendelea kulia. Mwaka 2022 tulihamia Desemba, tukavumilia joto.

Kusikiliza

Kazi hii inachukua muda mrefu kuliko mazoezi, na ndiyo watu huiruka. Kuanzia Februari tunatembea wawili wawili, mwanamume na mwanamke, tukikaa barazani na wazee wa kahawa, kwenye foleni ya maji, kwa mama wa mahamri alfajiri, kwenye stendi za tuktuk. Tunaandika kwenye daftari. Simu hatutoi, kwa sababu mtu akiona simu imemwelekea hubadilisha maneno, na mambo ya unga na ya polisi ndiyo kabisa hayasemwi mbele ya simu.

Usiulize, "Tatizo la mtaa huu ni nini?" Utajibiwa yale yale ya mikutanoni: ukosefu wa kazi, ukosefu wa umoja. Uliza jana ilikuwaje. Jana uliamka saa ngapi, maji uliyapata wapi, ulilipa ngapi, nani alikuwa mbele yako kwenye foleni, mligombania nini. Mchezo umo humo.

Kisa cha mtu ni mali yake. Tukitaka kukitumia, tunabadilisha kazi, idadi ya watoto, mtaa, na jinsi mambo yalivyoishia, kisha tunarudi kumsomea mwenyewe kabla ya mazoezi kuanza. Akisema hapana, tunaacha. Mwaka mmoja mama wa kijana aliyechukuliwa usiku alisikiliza ukurasa mzima, akanyamaza, akasema, "Mwanangu, mimi bado nangoja mlango ugongwe. Nyinyi mshamaliza." Mchezo ule tuliuweka na haujachezwa mpaka leo. Nafasi yake tulijaza na ngonjera.

Lugha iwe ya mtaa wenyewe. Mishomoroni watu huchanganya Kimvita na Kigiriama, Likoni kuna Kidigo, watoto wote wana Sheng yao. Mwandishi akileta mswada wenye Kiswahili cha mtihani, ninaomba wazee wawili wakae naye jioni moja wausome kwa sauti. Wataukarabati bila kuambiwa.

Halafu vitu viwe vya kweli. Tulipokuwa tukifanya mazoezi ya mchezo wa maji, msichana wetu alipita na mtungi wa lita 20 akiuning'iniza kwa vidole viwili, mwili umenyooka, anasema maneno yake vizuri kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akipita na wake kichwani akasimama. "Mwanangu, huo mtungi una maji ama una upepo?" Vijana wakacheka. Nikamwambia msichana aujaze. Kilo 20. Alipoubeba, bega moja lilishuka, hatua zikawa fupi, mkono wa pili ukajitanua wenyewe kushika mizani, na maneno yakaanza kutoka kwa vipande kwa sababu pumzi ilikuwa imekatika. Mwelekezi hakuhitaji kumfundisha lolote zaidi. Tangu siku ile, kila mtungi unaopanda jukwaani kwetu huwa umejaa, na mimi nimeshona mabega ya maleba yale kwa kitambaa maradufu kwa kuwa hupasuka.

Mchezo usiofungwa

Mbrazili Augusto Boal, aliyefariki 2009, alieneza namna ya kuigiza ambamo mtazamaji huruhusiwa kusimamisha mchezo, akapanda jukwaani, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Vikundi vingi vya Kenya huitumia. Kwetu imeingia bila taabu, maana watu wa Pwani tangu zamani hujibizana hadharani: washairi kwa kimalenga, akina mama wa lelemama kwa nyimbo za kurushiana maneno. Mtu wa hapa hukaa akingoja zamu yake ya kujibu.

Inafanywa hivi. Mchezo unachezwa mara moja mpaka mwisho, na mwisho wake ni mbaya, mhusika ameshindwa. Kisha unarudiwa kuanzia mahali mambo yalipoharibikia. Mtazamaji yeyote akiona kosa hupaza sauti, "Simama!" Waigizaji hugandama. Anakuja, anavaa kitambulisho cha mhusika, mara nyingi mtandio au kofia niliyoishona ikae juu ya nguo yoyote, na mchezo unaendelea naye. Waigizaji wengine hawamsaidii. Wanabaki walivyo, wenye roho ngumu wabaki na roho ngumu. Anayeongoza haya yote tunamwita nahodha. Nahodha hatoi maoni yake hata kidogo. Kazi yake ni kuuliza: "Je, hili lingewezekana hapa kwetu?" na kuwageukia watu.

Nikueleze siku moja niliyoiona kwa macho yangu, Mishomoroni. Mhusika alikuwa mjane, jina lake tulimpa Mwanasiti. Bomba la mtaa limefungwa kufuli na mtu anayejiita mwenye bomba, mwenye mkokoteni amepandisha bei, bili ya mita imekuja na mita yenyewe haina maji. Mwishoni Mwanasiti anatoa hongo apate zamu, na fedha za karo ya mtoto ndizo zinazokwenda. Tulipoanza kurudia, vijana wawili walisimamisha. Wa kwanza alimpiga mwenye mkokoteni, watu wakashangilia, nahodha akauliza kama lingewezekana, wote wakasema hapana, polisi wangekuja. Wa pili alitoa hotuba ndefu kuhusu haki. Aliyeigiza mwenye mkokoteni akamsubiri amalize, akamwambia bei ni ile ile.

Kisha akaja mama mwenye mtandio wa manjano, mtoto amembeba mgongoni. Alipovaa leso ya Mwanasiti hakumtazama kabisa mwenye mkokoteni. Aliwageukia wale waigizaji wanne waliokuwa kwenye foleni, ambao mwandishi hakuwapa hata neno moja. "Tueni mitungi chini. Leo hanunui mtu."

Mwenye mkokoteni akasema, "Basi kesho bei mara mbili."

"Kesho pia hatununui."

Kimya. Nyuma kabisa mzee mmoja mwenye kikoi akasimama bila kusema simama wala nini. "Na kesho watoto watakunywa nini, mamangu?"

Mama yule hakujibu. Akakaa juu ya mtungi. Nahodha alikuwa kijana wa miaka 22 na nilimuona akitaka kusema kitu, akajizuia. Labda ilipita dakika nzima, kusi inapiga pazia, mtoto mgongoni anachezea mtandio. Kisha mama akasema, kwa sauti ya kawaida kama aliye jikoni kwake, "Msikiti una kisima."

"Kina chumvi," mzee akamjibu.

"Cha kufulia na kuoshea vyombo, basi. Ya kunywa tuchange, tununue kwa mmoja, kwa bei moja."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, wakahesabu mitungi, wakamuuliza mjumbe wa kamati ya msikiti aliyekuwa pale kama lango hufunguliwa saa ngapi. Mchezo wa pili ulichelewa na sikujali. Jioni ile akina mama kumi na mmoja waliandika majina yao kwenye daftari letu.

Kwa hiyo ukichagua michezo, swali la kuuliza mswada ni moja: unaacha nafasi ya mtu kuingia? Mchezo wenye mhusika mwema asiyekosea, au wenye mwisho ambapo afisa mzuri anakuja kutatua kila kitu, hauna mlango. Hata ukiwa umeandikwa vizuri, sisi huurudisha kwa heshima.

Barua na ruhusa

Mimi huanza na mzee wa mtaa, ana kwa ana, kabla ya karatasi yoyote. Yeye anajua kiwanja ni cha nani hasa na nani ataudhika asipoulizwa. Kisha chifu, kamati ya msikiti na kanisa la jirani, kisha ofisi za kaunti kwa kiwanja na kwa kibali cha kelele kama utatumia spika. Polisi nao wapelekee taarifa. Sheria ya mikutano ya hadhara inataka OCS, mkuu wa kituo cha polisi, aarifiwe si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, na mkutano uwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchezo wa kuigiza si mkutano wa siasa, lakini afisa asiyekujua atauona umati tu. Andika taarifa, usiandike ombi. Taja Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010, kinacholinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa sanaa, na uhakikishe michezo yako haina uchochezi wa ghasia wala maneno ya chuki, kwa sababu kifungu hicho hicho hakiyalindi.

Kila barua toa nakala tatu, zote zigongwe mhuri wa kupokelewa. Ninazibeba kwenye mfuko wa nailoni siku zote tatu. Waliotutangulia katika kazi hii waliumia. Kule Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi wakaigiza kwa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba leseni ikafutwa, siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini, na 1982 jukwaa likabomolewa. Mwaka huo huo wa 1982 mwana wa Mombasa, Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, naye aliwekwa kizuizini. Na juzi tu, Aprili 2025 huko Nakuru, wasichana wa shule ya Butere walikuwa na amri ya mahakama ya kuwaruhusu kuigiza. Waliimba wimbo wa taifa wakatoka ukumbini bila kuigiza, na siku hizo polisi walirusha vitoa machozi. Wale ni watoto wa umri wa wasichana ninaowapima maleba kila Julai. Kwa hivyo kwenye tamasha letu mtu mzima mmoja, asiyeigiza, kazi yake ni kukaa na barua tu na namba ya wakili, na polisi wakija azungumze yeye peke yake.

Sisi wenyewe tulinyimwa ukumbi jioni ya kuamkia tamasha, baada ya kulipa, kwa sababu ofisi husika ilisikia neno "ardhi." Tangu hapo hatutegemei ukumbi. Kiwanja cha wazi kikikataliwa, kuna kingine mtaa wa pili.

Fedha

Hapa nitasema machache. Gharama kubwa ni usafiri, chakula cha waigizaji, jenereta na spika. Lipa waigizaji, hata kama ni kidogo, na walipwe siku hiyo hiyo. Kijana akirudi nyumbani mikono mitupu, mwaka ujao mamake hatamruhusu. Viti tunakodi hamsini tu, vya wazee na wajawazito, waliobaki hukaa kwenye majamvi kutoka kwa majirani. Mchango tunakusanya kwa kapu la ukili linalopitishwa baada ya mchezo wa kwanza, na maduka ya mtaa hutoa mchele, sukari, maji. Wafadhili wenye bendera kubwa nimewapokea mara moja. Walitaka mwisho wa mchezo wa unga ubadilishwe ili kijana apone na kuwashukuru. Tuliwarudishia hundi yao.

Siku yenyewe

Kuwaita watu, gari la matangazo ni ghali na watu wamelizoea. Tunawaomba akina mama wa vugo wapite vichochoroni saa tisa na nusu, na pembe zao na vijiti. Watu hutoka milangoni wakidhani ni harusi, na wakishatoka wanafuata. Likoni tunawatumia vijana wa ngoma ya sengenya. Watoto wakae mbele kwenye majamvi la sivyo watapanda juu ya kila kitu. Upande mmoja wa kiwanja acha nafasi pana karibu na njia ya kutokea, maana akina mama wengi hupenda kusimama hapo na watoto, wakiwa na uhuru wa kuondoka. Ukiwabana katikati hawatakuja.

Waigizaji wa kisiwani wanaokwenda Likoni wavuke kwa feri kabla ya saa saba. Alasiri foleni hujaa, na maleba yakibanwa kwenye msongamano yanafika kama matambara. Mimi huvuka asubuhi na sindano, nyuzi za rangi tano na pini za kutosha.

Kukitokea msiba mtaani, tamasha linasimama. Si la kujadiliwa. Tunakwenda matangani na majamvi yetu, tunayaacha huko yatumike, na mchezo unachezwa siku nyingine au hauchezwi.

Mchezo ukigusa ubakaji, kipigo cha nyumbani au watoto, awepo mshauri nasaha amekaa pembeni mahali pasipoonekana sana, na nahodha ataje mara mbili namba za bure: 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto. Kila mwaka kuna mtu hukaribia akiwa na swali "la rafiki yake." Asiulizwe zaidi ya anayoyasema.

Kuna jambo moja tulilibuni wenyewe, na ningependa kila tamasha lilichukue. Mwaka wa tatu kijana wetu aliigiza teja vizuri mno. Wiki iliyofuata, mtaani kwao, watoto walimwita teja; mwezi uliofuata duka moja lilimkatalia kazi. Alikuja kibandani kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja, hakusema kitu mpaka nilipomaliza kushona blauzi niliyokuwa nayo. Nilifikiri usiku mzima. Sasa kila mchezo ukiisha, kabla ya mazungumzo, waigizaji husimama mstari mmoja, kila mmoja anavua kile kitambulisho cha mhusika wake, anakikunja, anakiweka chini mbele yake, kisha anasema: "Mimi naitwa fulani, nakaa mahali fulani, kazi yangu ni hii." Watazamaji humwitikia kwa jina lake. Wanaoigiza wabaya huitikiwa kwa sauti kubwa zaidi, sijui kwa nini, lakini wanaihitaji. Kwa hivyo maleba yote ya wahusika wabaya nayashona yaweze kuvuliwa kwa mkono mmoja: vifungo vya kubana badala ya zipu, kamba badala ya mkanda.

Baada ya siku tatu

Rudisha viti na majamvi asubuhi ya siku ya nne, kabla hujalala. Mtungi na kikombe ulichoazima virudi vimeoshwa, na mwenye navyo aelezwe vilitumika kwenye mchezo gani. Mwakani atakupa bila kuulizwa.

Halafu daftari. Kila mazungumzo yawe na mtu wa kuandika nani aliahidi nini, kwa maneno yake mwenyewe, na mwishoni asomewe mbele ya watu. Siku ya arubaini tunarudi kwenye kila kiwanja, wanne watano tu, bila spika wala jukwaa. Tunakaa, tunafungua daftari, tunasoma. Mishomoroni, arubaini ya mchezo wa maji, bomba lilikuwa bado na kufuli lake. Ofisi iliyopelekewa yale majina kumi na moja ya akina mama ilijibu kwamba itaangalia. Lakini akina mama walikuwa wamekubaliana na mwenye mkokoteni mmoja, kwa bei moja, na lango la kisima cha msikiti lilikuwa likifunguliwa kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri. Yule wa mtandio wa manjano alichukua kalamu, akaongeza majina saba chini ya yale ya kwanza, akatuuliza mwakani tutaleta mchezo gani, kwa sababu ana neno la kusema kuhusu karo.